Uzi na Jiwe, au Skrini? Kuchagua Nyenzo za Mtandaoni za Hisabati na Sayansi

Mwalimu anayetafuta mtandaoni kitu cha kufundishia pendulamu atakutana na vitu vinne vya aina tofauti kabisa: video ya mtu anayeeleza ubaoni, simulesheni ya kuchezea kwenye kivinjari, programu ya simu inayopima pendulamu halisi kwa vihisi vya simu yenyewe, na kitabu cha PDF chenye mazoezi. Vyote ni vya bure na vyote vina sifa nzuri. Tatizo ni kwamba kila kimoja kinafanya kazi ambayo kingine hakiwezi, na mwalimu akichagua kwa umaarufu tu, atapoteza kipindi na bando.

Kipimo tunachopendekeza ni hiki: skrini itumike kwa kile kisichoonekana au kisichoshikika. Elektroni ndani ya waya, molekuli za gesi, mvutano wa sayari ya Mshtarii, parabola inayobadilika papo hapo. Hayo ndiyo makazi ya simulesheni. Pendulamu yenyewe ni uzi, jiwe na saa ya simu. Shule yenye uzi na jiwe haina sababu ya kuanzia kwenye skrini.

PhET, phyphox na OLabs: maabara tatu zisizofanana

PhET ilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani. Ina simulesheni za fizikia, kemia, hisabati, biolojia na sayansi ya dunia, na nyingi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Za zamani ziliandikwa kwa Java na Flash, na hizo ndizo zinazokataa kufunguka kwenye simu; chagua zenye alama ya HTML5. Simulesheni moja ya HTML5 ni faili moja la megabaiti chache. Ukishalipakua unaliweka kwenye flashi na kulifungua kwa kivinjari chochote bila mtandao. Kwa shule nyingi hilo pekee linatosha kuifanya PhET iwe chaguo la kwanza.

Nguvu yake halisi inaonekana kwenye umeme. Fungua simulesheni ya kuunda sakiti za mkondo mnyoofu, weka betri ya volti 9 na balbu moja ya omu 10. Ameta itasoma ampea 0.9. Ongeza balbu ya pili ya omu 10 kwa mfuatano: mkondo unashuka hadi 0.45 na mwanga unafifia. Ziweke sambamba: kila balbu inarudi kwenye 0.9, na betri sasa inatoa 1.8. Wanafunzi wengi wanaamini betri hutoa mkondo uleule siku zote na balbu zinagawana; hapa wanaona kwa macho yao kwamba sivyo.

Kisha fungua mipangilio ya ziada na uipe betri ukinzani wa ndani wa omu 2. Balbu moja peke yake sasa inapata ampea 0.75, lakini mbili sambamba zinapata takriban 0.64 kila moja, yaani zinafifia kidogo. Hivyo ndivyo betri kavu za dukani zinavyofanya mezani, na ndiyo maana mwanafunzi aliyesoma kitabu tu huona "jaribio limeharibika" balbu zinapofifia. Mwalimu asiyeigusa mipangilio hiyo atafundisha betri isiyokuwepo popote duniani.

Udhaifu wa PhET uko palepale penye uzuri wake: namba zake hazina makosa. Kwenye simulesheni ya pendulamu, uzi wa mita 1.00 utatoa muda wa sekunde 2.01 leo, kesho na mwaka ujao, mradi umeuvuta kidogo tu kutoka wima. Grafu inakuwa mstari safi usio na nukta iliyopotoka. Mwanafunzi aliyezoea hivyo akifika kwenye mtihani wa vitendo na kupata nukta moja nje ya mstari, ataifuta au ataibadilisha namba. Kosa la upimaji halijifunzwi kwenye PhET.

Hapo ndipo phyphox inapoingia. Ni programu ya simu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, nayo hutumia vihisi vilivyomo ndani ya simu: maikrofoni, kipimamchapuko, kihisi cha sumaku na vinginevyo. Ikishawekwa kwenye simu haihitaji mtandao. Data zake zinaweza kutolewa kama jedwali, na grafu inayochorwa kwenye simu inaweza kuonekana kwenye kompyuta iliyo kwenye mtandao huohuo wa ndani, jambo linalofaa sana penye projekta.

Jaribio lake bora kwa shule ni mwendo wa sauti hewani, nalo linahitaji simu mbili na utepe wa kupimia tu. Weka simu mbili umbali wa mita 5, mwanafunzi mmoja kando ya kila simu, na kila simu ifungue saa inayoanza na kusimama kwa sauti. Wa kwanza anapiga kofi: simu yake inaanza mara moja, ya mwenzake inaanza sauti ikimfikia. Kisha wa pili anapiga kofi: simu yake inasimama mara moja, ya kwanza inasimama baadaye kidogo. Toa muda mdogo kwenye muda mkubwa. Tofauti hiyo ni muda wa sauti kusafiri mita 10, na kwenye joto la nyuzi 30, ambako sauti huenda takriban mita 349 kwa sekunde, inapaswa kuwa karibu sekunde 0.029.

Mambo matatu huliharibu. Kwanza ni kelele: kiwango cha sauti cha kuamsha saa kikiwa chini, mazungumzo ya darasani yataianzisha, kipandishe hadi kofi pekee liweze kuivuka. Pili ni mwangwi: ukuta ulio karibu utairudisha sauti na kuisimamisha saa kabla ya kofi la pili, kwa hiyo ongeza muda mdogo wa kungoja kwenye mipangilio au toka nje uwanjani. Tatu ni mahali pa kupigia kofi. Ukipiga nusu mita mbele ya simu yako, umbali uliopima si umbali ambao sauti imesafiri. Rudia mara tano, chukua wastani, na waache wanafunzi wajadili kwa nini majibu hayalingani. Mjadala huo ndio somo lenyewe.

Kabla ya kupanga kipindi, hakikisha simu zina vihisi vinavyotakiwa. Simu za bei nafuu karibu zote zina maikrofoni na kipimamchapuko, lakini nyingi hazina jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, na jaribio la pendulamu la phyphox linaitegemea hiyo. Programu yenyewe huonyesha majaribio yasiyowezekana kwenye simu husika.

Ya tatu ni OLabs ya India, iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Amrita pamoja na taasisi ya C-DAC. Muonekano wake ni wa kizamani ukilinganisha na PhET, lakini ina kitu ambacho PhET haina: imefuata majaribio ya mtihani wa vitendo wa sekondari. Humo kuna titresheni, daraja la mita na uchunguzi wa chumvi, kila moja ikiwa na nadharia, hatua za kufuata, simulesheni na maswali ya kujipima. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa kemia ya vitendo atapata hapa mazoezi yaliyo karibu zaidi na karatasi atakayopewa.

Hata hivyo, titresheni kwenye skrini inafundisha mpangilio wa kazi na hesabu, haifundishi mkono. Alama hupotea kwenye mambo ambayo hakuna simulesheni inayoyabeba vizuri: kiputo cha hewa kilichobaki chini ya koki ya bureti, faneli iliyosahauliwa juu yake ikidondosha tone baada ya usomaji wa kwanza, jicho lililo juu ya mstari wa kimiminika, na flaski ya koni iliyosuuzwa kwa myeyusho badala ya maji. Kosa hilo la mwisho linaongeza kemikali usiyoipima na kupandisha ujazo wa kila titresheni. Kwa hiyo OLabs itumike jioni kabla ya maabara, ili dakika za maabara zisiishie kwenye kusoma maelekezo, na kemikali chache zilizopo zisimwagike bure.

Kwa ufupi wa kuchagua kati ya hizi tatu: ukitaka mwanafunzi aelewe kisichoonekana, PhET, ukitaka apime kitu halisi na kukutana na makosa ya kweli, phyphox, ukitaka ajue hatua za mtihani wa vitendo, OLabs.

GeoGebra au Desmos

Hapa watu hubishana sana, na mara nyingi bure, kwa sababu kwa kuchora grafu ya kawaida programu hizi mbili za hisabati zote zinatosha. Tofauti zinaanza baada ya hapo.

GeoGebra ilizaliwa Austria, ikianza kama kazi ya masomo ya Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg mwanzoni mwa miaka ya 2000. Desmos ilianzishwa na Eli Luberoff nchini Marekani mwaka 2011. Ya kwanza ilikua kutoka kwenye jiometria, ya pili kutoka kwenye kikokotoo cha grafu, na asili hiyo bado inaonekana.

| Jambo | GeoGebra | Desmos |
|---|---|---|
| Kompyuta bila mtandao | Inasakinishwa. Toleo la Classic 5 linaenda hata kwenye mashine za zamani | Hutegemea kivinjari na mtandao |
| Simu bila mtandao | Ndiyo, kwa programu yake | Ndiyo, kwa programu yake |
| Urahisi siku ya kwanza | Menyu nyingi, zinatisha kidogo | Dakika chache tu |
| Ujenzi kwa bikari na rula, lokasi | Imara sana | Ipo, lakini zana ni chache zaidi |
| Jedwali la data na mstari wa kulinganisha | Inawezekana, kwa hatua zaidi | Rahisi mno |
| Maumbo ya pande tatu | Imekomaa | Ipo, ni changa zaidi |

Ukiwa na maabara ya kompyuta isiyo na intaneti ya kuaminika, jibu ni GeoGebra na mjadala umekwisha. Ukiwa na wanafunzi wenye simu na data kidogo, na kazi yenyewe ni grafu na majedwali, Desmos itakufikisha haraka zaidi.

Tuchukue mfano wa pendulamu ya uzi na jiwe. Wanafunzi wamepima muda wa mizunguko 20 kwa urefu tano tofauti. Ishirini, si mmoja, kwa sababu kidole huchelewa takriban sekunde 0.2 kwenye saa. Kwa mzunguko mmoja wa sekunde 1.4 hilo ni kosa la asilimia 14, kwa mizunguko 20 linashuka chini ya asilimia moja. Kwenye Desmos unafungua jedwali, urefu kwa mita kwenye safu ya x₁, muda wa mzunguko uliozidishwa kwa wenyewe kwenye y₁, kisha unaandika mstari huu: y1~mx1+b. Alama ya wimbi badala ya alama ya sawasawa ndiyo inayoiamuru itafute mstari unaolingana zaidi na data. Mwinamo m unapaswa kutoka kati ya 4.0 na 4.1, na ukigawa 39.48 kwa m unapata mchapuko wa mvutano, karibu 9.8.

Angalia sasa thamani ya b. Nadharia inasema iwe sifuri. Ikitoka 0.08, mara nyingi wanafunzi walipima uzi hadi juu ya jiwe badala ya katikati yake, na jiwe lina nusu kipenyo cha sentimita 2. Kinachopendeza ni kwamba kosa hilo halikuharibu mwinamo hata kidogo. Limesogeza mstari tu. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja, ataelewa kwa nini tunachora grafu badala ya kuingiza namba moja kwenye fomula. Kwenye GeoGebra kazi hiyohiyo hufanyika kwa kuingiza nukta kisha kuandika FitLine pamoja na orodha ya nukta hizo. Jibu ni lilelile, hatua ni nyingi kidogo.

Upande wa pili, mada ya dunia kama tufe, inayowasumbua wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania, inaeleweka vizuri sana kwenye GeoGebra. Fungua kikokotoo cha pande tatu, andika Sphere((0,0,0),5), kisha kwenye mstari wa pili andika z=3. Bapa linakata tufe, na mkato ni duara lenye nusu kipenyo 4, siyo 5. Zungusha umbo kwa kidole. Mwanafunzi anaona kwa nini safari ya mashariki hadi magharibi inahitaji kosaini ya latitudo, na safari ya kaskazini hadi kusini haihitaji. Baada ya hapo, swali la umbali kati ya Tanga iliyo latitudo 5 kusini na mahali palipo latitudo 7 kusini kwenye longitudo hiyohiyo ya 39 mashariki halina fumbo: nyuzi 2 kwa maili 60 za baharini ni maili 120, yaani takriban kilomita 222.

Kuna mitego minne ya kuandika ambayo hupoteza muda mwingi darasani:

Pembe. Desmos huanza kwenye radiani, na ukiandika sin(30) utapata −0.988 badala ya 0.5. Badilisha kuwa digrii kwenye alama ya spana. Kwenye GeoGebra andika alama ya digrii baada ya namba.

Desimali. Zote mbili zinataka nukta. Mkato una kazi nyingine, na 3,5 haitasomeka kama tatu na nusu.

Herufi kubwa na ndogo. Kwenye GeoGebra, A=(2,3) ni nukta, lakini a=(2,3) ni vekta. Mwanafunzi anayeona mshale badala ya nukta amekosea herufi tu.

Kivuli cha milinganyo isiyo sawa. Ukiandika x+2y≤10, programu zote mbili hutia kivuli eneo linalotakiwa. Kenya, kwenye mtihani wa KCSE, utaratibu ni kutia kivuli eneo lisilotakiwa ili lile linalofaa libaki jeupe. Suluhisho ni kugeuza alama na kuandika x+2y>10. Lakini hapo mstari wa mpaka unakuwa wa vipandevipande, ilhali sharti la asili lina alama ya sawasawa na mpaka wake unatakiwa kuwa mzima. Ongeza mstari wa pili, x+2y=10, na mpaka utachorwa kamili. Mwalimu asipolisema hili, wanafunzi watalichukua kosa la programu hadi kwenye karatasi ya mtihani.

Khan Academy na vitabu vya mtaala

Watu wengi huifahamu Khan Academy kwa video, lakini hazina yake ni mazoezi. Mwanafunzi anajibu, anaambiwa papo hapo kama amepata, na akikwama anafunguliwa kidokezo kimoja kimoja. Mwalimu anaweza kufungua darasa, kuwapa wanafunzi msimbo wa kujiunga, kupanga kazi na kuona nani amekwama wapi. Mazoezi pia hula bando kidogo kuliko video, kwa sababu ni maandishi na picha ndogo.

Inafaa zaidi kwa kuziba mapengo. Mwanafunzi wa kidato cha pili asiyeweza milinganyo mara nyingi tatizo lake ni sehemu na namba hasi za shule ya msingi. Kwenye Khan Academy anaweza kurudi ngazi hizo bila kuaibika mbele ya wenzake, afanye mazoezi hadi apate mfululizo, kisha apande. Hakuna nyenzo nyingine kati ya hizi inayofanya hivyo vizuri namna hiyo.

Inapokosa ni kwenye mtaala. Imepangwa kwa madaraja ya Marekani. Mifano inatumia futi, maili na dola, na mada kama hesabu za kibiashara au dunia kama tufe hutazipata kwa namna mtihani wetu unavyoziuliza. Mwanafunzi anayefuata Khan Academy peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho anaweza kuwa mzuri wa aljebra na bado akaacha maswali mazima kwenye mtihani wa taifa.

Kwa Tanzania, msingi wa mpangilio wa masomo ubaki Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada vinasomeka bila malipo. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, kwa hiyo angalia mwaka wa toleo kabla ya kumpa mwanafunzi kitabu: PDF nyingi zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ni za mtaala wa zamani. Kwa Kenya kazi hiyo inafanywa na Kenya Education Cloud ya KICD, taasisi ya mitaala ya nchi hiyo. Karatasi za mitihani iliyopita za NECTA na KNEC ndizo zitakazokuonyesha kina cha kila mada. Soma swali kwanza, ndipo uchague simulesheni au video.

Ukihitaji kitabu cha pili chenye maelezo marefu na mazoezi mengi, vitabu vya Siyavula vya Afrika Kusini vya hisabati na sayansi (fizikia na kemia), darasa la 10 hadi 12, vinapakuliwa bure kwa PDF na leseni yake inaruhusu kuvichapa. Sura zake za trigonometria na za sheria za Newton ni nzuri mno. Kwa watoto wa shule ya msingi wanaojifunza kwa Kiswahili, Ubongo Kids, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, inaeleza sehemu, maumbo na sayansi ya awali kwa lugha wanayoizungumza nyumbani.

Na Photomath? Inasoma swali kwa kamera na kutoa hatua zote. Inafaa kukagua kazi iliyokwisha kufanywa kwa mkono. Ikifunguliwa kabla ya kalamu kugusa karatasi, mwanafunzi hanakili tu jibu, ananakili pia hisia ya kwamba ameelewa, na hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi.

Pasipo intaneti: Kolibri

Shule nyingi zina kompyuta chache na mtandao unaokuja na kuondoka. Kolibri, ya shirika lisilo la faida la Learning Equality, imetengenezwa kwa hali hiyo. Unasakinisha programu kwenye kompyuta moja, unapakua chaneli za masomo mara moja mahali penye mtandao au unazipokea kwa flashi, kisha vifaa vingine vinasoma kutoka kwenye kompyuta hiyo kupitia mtandao wa ndani. Kuna chaneli za Khan Academy na za PhET miongoni mwa nyingine nyingi, na mwalimu anaweza kupanga masomo na majaribio na kuona swali gani limewashinda wengi.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Kompyuta mpakato moja yenye Windows, ruta ndogo hata isiyo na laini, na simu au vishikwambi vya wanafunzi. Pakua mada unazofundisha muhula huu tu. Chaneli nzima ya Khan Academy yenye video zake inaweza kula makumi ya gigabaiti na kuijaza diski. Wanafunzi wanajiunga na Wi-Fi ya ruta, wanafungua kivinjari na kuandika anwani ya IP ya kompyuta ikifuatwa na :8080.

Ikikataa, chunguza kwa mpangilio huu. Kama ukurasa unafunguka kwenye kompyuta yenyewe lakini si kwenye simu, ukuta wa ulinzi wa Windows umezuia. Iruhusu Kolibri kwenye mtandao wa ndani. Kama ilifanya kazi jana na leo haifanyi, ruta imeipa kompyuta anwani mpya. Ingia kwenye ruta uitengee anwani ya kudumu. Kama inakatika katikati ya kipindi, kompyuta imelala. Zima usingizi wake kwenye mipangilio ya umeme. Na kama simu nane za kwanza zinaingia na ya tisa inagoma, unatumia mtandao unaorushwa na Windows yenyewe, ambao una kikomo cha vifaa 8. Hapo hakuna dawa zaidi ya ruta.

Simu zenyewe huleta tatizo lao: zikiona Wi-Fi haina intaneti, nyingi hurudi kimya kimya kwenye data ya laini, na anwani ya ndani haifunguki tena. Waambie wanafunzi wazime data kabla ya kujiunga.

Kompyuta moja, projekta moja, wanafunzi themanini

Hali hii ndiyo ya kawaida zaidi, na hapa chaguo ni PhET iliyopakuliwa, kwa sababu inaweza kusimamishwa wakati wowote na kubadilishwa kulingana na swali la darasa. Video haiwezi.

Onyesha sakiti yenye balbu moja, kisha zima projekta au funika lenzi. Uliza: nikiongeza ya pili sambamba, ya kwanza itafanyaje, itang'aa zaidi, itafifia, au itabaki ilivyo? Kila mwanafunzi aandike jibu na sababu kwenye daftari. Wape dakika mbili za kubishana na jirani, kisha wanyooshe mikono na uandike hesabu ubaoni. Ndipo ufungue lenzi na kuunganisha waya. Ukiunganisha kwanza na kuuliza baadaye, wote watasema walijua.

Kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaotoka kwenye shule zilizofundisha kwa Kiswahili, ubashiri ufanyike kwenye toleo la Kiswahili la simulesheni, na maandishi ya daftari yafuate kutoka toleo la Kiingereza lililofunguliwa kwenye kichupo cha pili. Hakiki tafsiri kabla ya kipindi. Zimefanywa na watu wa kujitolea, na istilahi za simulesheni moja huenda zisilingane na za nyingine au na za kitabu cha kiada. Penye tofauti, andika ubaoni neno la kitabu, kwa kuwa ndilo litakalokuja kwenye mtihani.